Upande wa Kulia wa Wavinya

Watu wa filamu walipofika kwenye banda la farasi la Mzee Kinyanjui, nyuma ya vibanda vya nyama choma vya Kamakis, walitaka farasi sita tu. Wa kwanza kunyooshewa kidole alikuwa yule yule ambaye Nzioki alikuwa akiomba kimoyomoyo wasimwone.

"Huyu mweupe," alisema dairekta, msichana wa miwani mikubwa aliyeitwa Mitchell. "Huyu lazima akae mbele. Kamera itampenda sana."

Nzioki aliitikia kwa kichwa, maana saisi kazi yake ni kutunza farasi, si kutoa maoni juu ya farasi wa mwenyewe. Lakini mkono wake ulikuwa umeshapanda kwenye paji la yule farasi jike na kuzishusha nywele ndefu mpaka zikafunika jicho la kulia. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mama anavyompangusa mtoto kamasi wageni wakibisha hodi.

Jicho hilo lilikuwa halioni. Halikuwa limeona kitu tangu mvua ya masika ya mwaka uliotangulia, na katika dunia nzima waliojua ni Nzioki na mkewe Syokau, na Syokau alikuwa ameshachoka kujua.

Nzioki ni mtu wa Ndithini, kule ambako mvua huja imechelewa na kuondoka mapema. Alifika Ruiru angali kijana, akawa akiwabebea mafundi wa ujenzi mchanga na simiti. Siku moja walikuwa wakijenga ukuta wa banda la Mzee Kinyanjui, na saa ya chakula farasi mmoja akapitisha shingo juu ya mbao, akamaliza muthokoi yote iliyokuwa kwenye mkebe wa Nzioki. Wenzake walitaka kumchapa yule mnyama. Nzioki alicheka mpaka akakaa chini. Mzee Kinyanjui alikuwa akitazama, akamwambia aweke koleo chini amfuate. Ndivyo alivyoingia kwenye kazi ambayo kwao hakuna aliyewahi kuisikia, na mpaka leo huko Ndithini husemwa kwamba anachunga punda wa matajiri.

Yule jike mweupe alitoka uwanja wa mbio, na kwenye karatasi zake ana jina la Kizungu refu kuliko mkia. Hakuwahi kushinda hata mara moja. Nzioki alimwita Wavinya, jina la shangazi yake, mwanamke ambaye maishani mwake hakuwahi kukimbia kwa ajili ya mtu yeyote. Jina likashika. Watoto waliokuja kujifunza kupanda farasi wikendi walilia wakipewa mwingine, kwa sababu Wavinya alikuwa mpole kupita kiasi. Ungeweza kumpandisha mgongoni nyanya aliyetoka hospitali jana.

"Nisalimie mke mwenzangu," Syokau humwambia Nzioki kila asubuhi akitoka kwenye ploti yao ya Kimbo. Ni mzaha, lakini ni mzaha wa mtu aliyemwona mumewe akirudi na dawa ya macho mfukoni siku ambayo ndani hamna sukari.

Lile jicho lilianza kwa kutoa machozi. Kisha likaingia ukungu, kama maji yaliyooshea mchele. Nzioki aliliosha kwa maji ya chumvi. Alinunua matone ya macho ya binadamu kwenye duka la dawa, akamwambia mwuzaji ni ya mama mkwe. Mama mkwe hakupona.

Mbona hakusema? Hapo ndipo penye mtego. Mzee Kinyanjui ni mtu mwema, na wema wake ndio uliotisha. Miaka ya nyuma farasi asiyeona vizuri alijikwaa akiwa na mtoto mgongoni, na mtoto akavunjika bega. Tangu siku hiyo mzee aliapa kwamba farasi mwenye kasoro hatapandwa na mtoto tena. Wala hamuuzi. "Farasi wangu hatavuta mkokoteni wa maji Kiandutu akichapwa na bomba," alisema. "Bora daktari, na sindano, alale." Kulikuwa na dume mmoja aliyeharibika goti, alilazwa hivyo, na mzee akalia kwenye leso mbele ya wafanyakazi wote. Sasa huruma ya namna hiyo utaikimbilia wapi? Mtu katili unaweza kumpigia magoti. Mtu mwenye huruma huna la kumwambia, kwa sababu ameshalia kabla yako.

Basi Nzioki akazua mila. Farasi kwa kawaida huongozwa mtu akiwa upande wa kushoto. Yeye akaanza kumwongoza Wavinya akiwa kulia. Alitembea bega kwa bega naye kwenye upande ule wa giza, na walipokaribia ndoo, mbwa, lango au mtoto anayekimbia, alimnong'onezea kwa Kikamba, "Vai thĩna, Wavinya. Vai thĩna." Yaani hakuna shida. Naye farasi akapita. Wazazi walipouliza mbona huyu anaongozwa tofauti, Nzioki aliwajibu kwamba ndivyo Wakamba wanavyoongoza farasi. Wakamba wa wapi hao wenye farasi? Hakuna aliyeuliza. Ukitaka Mkenya asikuchimbe zaidi, mwambie jambo ni la kimila.

Na watoto waliendelea kupanda. Hilo ndilo lililomla. Mkono wake haukuondoka kwenye hatamu, bega lake halikuondoka kwenye bega la Wavinya, na kila mtoto aliposhushwa salama alisema asante Mungu. Moyoni alijua kuwa hiyo si sala ya mtu mwaminifu.

Wapanda farasi wa filamu wangekuwa watu wa banda lenyewe, maana waigizaji waliotoka Nairobi walijua kupanda teksi tu. Wavinya alipangiwa Kui, mwalimu wa watoto pale bandani, mwanamke wa Kahawa Wendani mwenye ulimi usio na breki. Nzioki akakataa.

"Wavinya nitampanda mimi."

"Mzee, na hizo magoti zako? Zinalia kama mlango," Kui akamwambia.

"Ziache zilie."

Lori liliwachukua asubuhi, likapita mji wa Thika, likashika njia ya Garissa, kisha likakata kuingia kwenye machimbo ya mawe ambayo watu wa huko huita kwari tu. Kwari yenyewe iliachwa zamani. Ni shimo kubwa lenye kuta zilizonyooka, na chini kuna maji ya kijani. Njia ya kushuka ni moja, ile iliyochongwa kwa ajili ya malori. Upande mmoja imeegemea ukuta wa mawe. Upande wa pili ni hewa. Nzioki alichungulia ukingoni, akarudi nyuma. Hakupenda mahali penye mlango mmoja, na huo mlango wenyewe malori ya filamu yalishauziba.

Mitchell aliwakusanya akawaeleza. Nchi haina jina, alisema. Ni nchi yoyote iliyoingia kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Waasi sita wanaleta farasi wao majini. Wanajeshi wa serikali wamejificha kwenye mawe. Ni pambano dogo tu, la dakika chache, lisilobadilisha vita wala kukumbukwa na mtu, lakini ndani yake watu wanakufa kama kawaida.

Wanajeshi walikuwa vijana wa Makongeni na Kiandutu wenye bunduki za mbao. Kulikuwa pia na waasi wa miguu, vijana wa mitaa hiyo hiyo. Tofauti ilikuwa kitambaa cha shingoni, chekundu kwa waasi na cha kijani kwa serikali. Awiti, mama wa mavazi, aligawa akifuata foleni bila kutazama sura: wewe nyekundu, wewe kijani, wewe nyekundu. Ndugu wawili waliokuja pamoja wakajikuta maadui.

"Sasa nikuue ama uniue?" mdogo akamwuliza mkubwa.

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikwenda mbali. Wenye umri walikumbuka mambo ambayo hayakuwa ya filamu, wakainama kufunga kamba za viatu.

Asubuhi kazi ilikuwa nyepesi. Waasi walianzia chini majini, kisha wakapanda ile njia kwa mbio kutoroka. Ukipanda, ukuta uko kulia. Kwa hiyo upande wa giza wa Wavinya ulikuwa na jiwe tupu, kitu kisichobweka wala kuruka, na yeye akapanda vizuri kabisa. Walirudia bila milio ya bunduki, wakarudia tena. Nzioki alianza hata kuona raha. Alivalishwa koti la kijeshi lililotoboka, akajitazama kwenye kioo cha gari, akamwomba Kui ampige picha amtumie Syokau. Jibu la Syokau lilikuja upesi: "Mwambie huyo askari alete unga."

Baada ya chakula, jua lilikuwa limehama.

"Tunabadilisha, watu wangu," Mitchell akapaza sauti. "Hatupandi tena. Tunashuka. Mnatoka huko juu mbio, mnakimbilia maji, wanawafyatulia mkiwa katikati ya njia. Jua iko poa hivyo."

Nzioki aliigeukia ile njia. Ukishuka, ukuta uko kushoto. Kulia ni shimo. Na kati ya Wavinya na lile shimo, Mitchell alikuwa amempanga Kui, juu ya dume mweusi.

Wavinya akiguswa ghafla upande asioona, husukuma kwa mwili wote. Ni woga tu, hana ubaya. Bandani alikuwa akiusukuma ukuta, au alimsukuma Nzioki, na Nzioki alikuwa na alama za buluu ubavuni ambazo Syokau aliacha kuziulizia. Lakini hapa kungekuwa na baruti ya kelele, farasi sita waliobanana, na Kui ukingoni.

Aseme? Mzee Kinyanjui alikuwa pale pale kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, anakunywa chai, ana furaha ya mtu anayeona wanawe wakipigwa picha. Akisema, kesho ni daktari. Anyamaze? Kui.

Mtu aliyebanwa hutafuta hata tundu la panya. Nzioki akainua mkono.

"Madam, mimi nikae huku nje. Huyu wangu ni mweupe, ataonekana vizuri."

Mitchell aliinamisha kichwa, akapima kwa macho. "Sawa, mzee. Tujaribu hivyo."

Ungeuita ushujaa. Haukuwa ushujaa, alikuwa anaahirisha tu. Sasa shimo lilikuwa upande wa giza wa Wavinya, na kati ya farasi na hewa hapakuwa na mtu wa kutembea bega kwa bega naye. Yule aliyezoea kuwa ukuta wake alikuwa ameketi mgongoni, magoti yakimlia, akimwomba Mungu wa Ndithini na wa Ruiru kwa pamoja.

"Action!"

Wakashuka. Nzioki aliinama mpaka mdomo wake ukagusa sikio la kulia la Wavinya, na maneno yakamtoka mfululizo. Vai thĩna, kaa hapo hapo, mama, kaa karibu na Kui, vai thĩna. Baruti zikalia kwenye mawe. Farasi wa nyuma akapiga mlio. Wavinya alitetemeka mwili mzima, lakini alishika njia, sikio moja limegeukia ile sauti, na wakafika chini majini wakiwa wazima. Nzioki alitaka kulia.

"Katisha!" Fundi wa sauti, Dismas, alivua vile vitu vya masikioni. "Kuna mzee anaongea Kikamba hapa. Tena anaongea mingi."

Kwari nzima ikacheka. Hata wafu wa serikali walicheka wakiwa wamelala chini.

"Mzee wangu," Mitchell akasema kwa upole, "hawa ni waasi, wanakuja kimya. Sauti yako inaingia kwa kila kitu. Hii tena, na usiseme hata neno moja. Tafadhali."

"Huyu farasi amezoea niongee."

"Dakika moja tu. Atavumilia."

Nzioki alitazama juu. Malori yalikuwa yamesimama yakiziba mdomo wa njia. Alitazama chini, yale maji ya kijani. Kote alikotazama kulikuwa na jiwe lililokatwa, na watu wanaomsubiri, wote wema, wote wakitabasamu, hakuna hata mmoja wa kumkasirikia. Akampapasa Wavinya shingo, wakapanda tena juu.

Mara ya pili alinyamaza.

Wavinya aliijua ile tofauti kabla hawajafika katikati ya njia. Masikio yake yalitafuta huku na huku, yakapeperuka, yakatafuta tena. Alipunguza mwendo na farasi wa nyuma akamgonga. Hapo baruti ikalia, si mbele kama mwanzo, bali kushoto, karibu na ukuta, na Wavinya akaikimbia ile kelele. Akaikimbilia ile sehemu ambayo kwake haikuwa na kitu chochote, kwa sababu haikuwa na sauti ya kumwambia kuna nini.

Mguu wake wa nyuma ukashuka. Kokoto zikamwagika zikaenda majini. Nzioki alisikia uzito wa mnyama ukiondoka chini yake, akaona maji yakiwa mahali ambapo njia ilipaswa kuwa, na kwa muda huo mfupi hakufikiria Syokau wala watoto wake. Aliwaza tu kwamba hata sasa hajasema. Kisha mkono wa Kui ukaja, ukashika hatamu karibu na lijamu na kuvuta kwa nguvu zote. Dume mweusi akasimama imara kama nguzo ya stima. Wavinya akaukwaruza ukingo, akajinyanyua, akapanda njiani. Wakaendelea kushuka kwa mbio wakiwa wamekumbatiana, farasi wawili na watu wawili, mpaka wakaingia majini.

Halafu makofi.

"Mungu wangu!" Mitchell alikuwa ameshika mashavu. "Mzee, hiyo imeweza! Imekuwa kama ya kweli! Nani amewafundisha hiyo?"

Watu wa kitambaa kijani na wa kitambaa chekundu walipiga makofi pamoja. Mzee Kinyanjui alisimama kutoka kwenye kiti chake, akainua kikombe cha chai, akimwonyesha saisi wake kwa kila mtu. Kui hakupiga makofi. Alikuwa anahema, mkono wake bado uko kwenye hatamu ya Wavinya, na alikuwa akitazama kile ambacho maji yalikuwa yameosha. Nywele za paji zilikuwa zimelowa na kusogea pembeni. Lile jicho lilikuwa wazi, jeupe, likitazama ukuta bila kuuona.

Kui, aliyejulikana Ruiru nzima kwa maneno, siku hiyo aliyakosa. Alimtazama tu Nzioki.

"Tuifanye mara moja tena," Mitchell akaendelea, "nipate na sura ya karibu. Lakini Kui akae nje, nione yeye akining'inia pale ukingoni. Mzee uende ndani. Mnaweza?"

Kui angeweza kusema hapana. Angeweza kusema kila kitu. Badala yake aligeuza dume mweusi polepole kuelekea juu, akaanza kupanda kwenda mahali pake pa upande wa shimo, na Nzioki akaelewa kwamba anamwachia yeye. Kama angenyamaza, Kui angeshuka ile njia. Angeshuka akiwa anajua.

"Madam," Nzioki akasema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Madam. Huyu farasi haoni."

"Haoni aje?"

"Jicho la huku limekufa. Kitambo."

Alimwambia Mitchell, lakini alikuwa anamtazama Mzee Kinyanjui, na aliona kikombe kikishuka. Mzee alikuja kwa miguu mpaka majini, akaingia na viatu vyake. Akampungia Wavinya mkono karibu na jicho la kulia. Farasi hakupepesa. Akaenda upande wa kushoto akafanya vile vile, na Wavinya akarudisha kichwa nyuma.

"Imekufa lini?"

"Mvua ya masika."

"Ya mwaka huu?"

"Ile ingine."

Mzee Kinyanjui alichota maji kwa kiganja, akayamwaga tena. Alipoanza kusema hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Nzioki. Mjukuu wangu alikuwa juu yake Jumamosi."

"Nilikuwa upande huo, mzee. Sikutoka upande huo hata siku moja."

"Ngai." Mzee alijifuta uso kwa mkono wenye maji. "Na ungeanguka? Wewe ungepata kizunguzungu, ungeteleza, ungepigiwa simu? Mtoto angekuwa wapi?"

Ndilo swali ambalo Nzioki alikuwa akijiuliza kila Jumamosi.

"Nipe mimi," akasema. "Nimchukue. Sitaki hata mshahara."

"Umpeleke wapi? Kimbo? Utamweka chini ya kitanda?" Mzee alisema hivyo bila dhihaka. "Ama Ndithini, ale mchanga? Utamfunga mkokoteni, Nzioki. Hutataka, lakini siku moja watoto watalala njaa na utamfunga. Mimi nakujua, na wewe unajijua."

Nzioki alikubali kwa kichwa. Alijijua.

Waliupiga upya ule mchezo kwa farasi mwingine, na Wavinya akafungwa kwenye kivuli cha lori. Milio ya bunduki ilipoanza tena kule chini, Nzioki alisimama kulia kwake, amevaa bado koti la vita, na alimwambia kila mlio umetoka wapi. Mzee Kinyanjui hakumfukuza kazi. Alimwambia tu kwamba daktari atakuja kesho, na kwamba akitaka kukaa nyumbani hiyo kesho, hakuna atakayemlaumu.

Hakukaa nyumbani. Syokau naye hakukaa. Alifunga kibanda chake cha mboga asubuhi na kumfuata mumewe mpaka Kamakis, yeye ambaye miaka yote hakuwahi kukanyaga bandani. Alisimama mlangoni akimtazama Wavinya kwa muda mrefu.

"Kumbe ni mdogo hivi," alisema. "Nilidhani ni mkubwa."

Kui alikuwa ameshafika, ingawa ilikuwa siku yake ya kupumzika, na alikuwa amemchana Wavinya mkia wote. Alipompita Nzioki alimgusa kiwiko, akasema, "Ungeniambia mimi, mzee. Mimi tu." Halafu akaenda nje kusimama na Mzee Kinyanjui, ambaye leso yake ilikuwa tayari mkononi.

Daktari Muriithi alikuwa kijana mtulivu, mwenye mikono isiyo na haraka. Alifungua mkoba wake mbali kidogo ili vyuma visisikike.

"Mzee, ni upande gani haoni?"

"Kulia."

"Sawa. Basi nitaingia kwa huo, asione sindano, asishtuke. Nipishe hapo kidogo."

Nzioki alikuwa amesimama hapo hapo, bega lake kwenye bega la Wavinya. Hakusogea. Daktari akangoja. Nje Mzee Kinyanjui alikohoa, na Syokau akasema jina la mumewe mara moja, taratibu, kama mtu anayemwamsha.

Akasogea. Alipita mbele ya farasi, kiganja kikiteleza juu ya pua yake, akafika kushoto. Hakuwa amesimama upande huo tangu ile mvua. Wavinya akageuza kichwa, na jicho lake zima, la kahawia, lenye kope ndefu, likampata. Akasimamisha masikio. Kwa mwaka mzima na zaidi alikuwa amemjua kwa sauti na kwa joto la bega, na sasa alikuwa akimwona, uso kwa uso, mtu mzee wa Ndithini mwenye koti lisilo na vifungo.

Nzioki alifungua mdomo amwambie vai thĩna, na maneno yakagoma. Aliwadanganya wazazi, akamdanganya mzee, akawadanganya wauza dawa na watu wa filamu, na Mungu pia alijaribu kumdanganya kidogo. Ila kwa Wavinya hakuwahi kusema uongo. Kila alipomwambia hakuna shida, shida haikuwepo, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amesimama mahali ambapo ingepitia.

Kwa hiyo hakusema kitu. Alisimama pale anapoonekana, akamshika shavu, na daktari akaingia kwa upande wa kulia.